Sura ya Tano: Anadaiwa

Chukua sentensi mbili. Ya kwanza: mkulima wa Usoke anadaiwa shilingi laki tatu. Ya pili: mkulima wa Usoke anadaiwa kuiba baiskeli. Msomaji wa gazeti hazichanganyi hata kidogo. Katika ya kwanza anamwona mwenye mali akisubiri kulipwa. Katika ya pili anamsikia mwandishi akijihami, asije akamtia hatiani mtu ambaye mahakama haijamgusa. Hata hivyo kitenzi ni kilekile, kwa umbo lilelile, hadi irabu ya mwisho. Aliyekopa mbolea na anayeshukiwa wizi wamevishwa neno moja, na hakuna anayeona ajabu. Anayeshtuka ni mgeni anayejifunza Kiswahili, ambaye kwa wiki za mwanzo hudhani kila mhalifu wa Tanzania ana deni dukani.

Sura hii inadai, na neno hilo nalitumia kwa kukusudia, kwamba ujirani wa deni na shaka katika Kiswahili haukuja kwa bahati. Lugha hii ilikomaa mikononi mwa watu waliokabidhiana mali kwa safari ndefu: kutoka Unguja na Bagamoyo hadi Unyanyembe, ambayo leo tunaiita Tabora, na kutoka hapo kuelekea magharibi, katika nchi ya Usoke na Urambo, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika njia hiyo neno la mtu lilikuwa mzigo kama mizigo mingine. Mtu alipokuletea habari ya kutilia mashaka, swali la kwanza lilikuwa: likianguka, nani atalilipa? Swali la kama neno lenyewe ni kweli lilifuata baadaye, na mara nyingi lilikuwa limekwisha kujibiwa na lile la kwanza. Nitaonyesha kwamba msamiati wetu wa shaka, wa kutosadiki na wa kutoaminiana bado unauliza maswali hayo kwa mpangilio huohuo, kisha nizijibu hoja tatu nzito zinazoweza kunipinga.

Tuanze na ukoo wa maneno yenyewe. Kuamini, imani, amana, amani, mwaminifu na muumini ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na Kiswahili kimeyapokea yote bila kuyatenganisha. Ndiyo maana mzungumzaji wa kawaida, hata asiyejua Kiarabu, huhisi kwamba mtu mwaminifu ni yule ambaye ukimwekea amana utaikuta. Uaminifu kwetu una kitu kinachoshikika ndani yake: kuna fedha, kuna funguo, kuna mtoto aliyeachwa kwa jirani. Na anayeuvunja hatuishii kumwita mwongo, tunasema amekula amana, kana kwamba kosa lake limepita tumboni. Pembeni ya ukoo huo kuna dhamana, nayo ni neno linalofanya kazi nyingi kuliko mengi katika maisha ya umma wa Tanzania. Mtuhumiwa hutoka rumande kwa dhamana. Mkopo wa benki hutaka dhamana. Mgombea urais huzunguka mikoani kutafuta wadhamini. Kiongozi hukabidhiwa dhamana ya wizara, na ahadi za wanachama wa TANU zilikiita cheo chenyewe kwa jina hilo. Mahali popote ambapo shaka ingeweza kuingia, Kiswahili kimesimamisha mtu wa kujibu.

Tazama pia kilichompata kitenzi kusadiki. Zamani mgawanyo ulikuwa mzuri: habari husadikiwa, mtu huaminiwa. Kusadiki kulihusu ukweli wa maneno, kuamini kulihusu tabia ya anayeyasema. Shaaban Robert alikijua kitenzi hicho vema alipoita riwaya yake ya 1951 Kusadikika. Humo wajumbe wanatumwa huku na huko, wanarudi na mambo waliyoyaona kwa macho yao, na wanatupwa gerezani. Ushuhuda wao haukuwa na mtu mzito wa kusimama nyuma yake, mpaka Karama anaposimama kuwatetea. Leo, katika mazungumzo ya kila siku, kusadiki kumesogea pembeni. Mtu akiambiwa bei ya sukari imepanda tena atasema “siamini”, ijapokuwa hakuna mtu anayemtilia mashaka. Kitenzi cha kumpima mtu kimemeza kitenzi cha kupima habari. Lugha ikiachwa ichague kati ya hivyo viwili, yetu imechagua kile chenye mdhamini.

Kisha kuna pengo ambalo ni ushahidi kama neno lolote. Kutoaminiana hakuna jina lake lenyewe. Tunasema kutoamini, kutoaminiana, kukosa imani, ukosefu wa uaminifu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 53A, ilipotaka kutaja silaha ambayo Bunge linaweza kuitumia dhidi ya Waziri Mkuu, iliiita kura ya kutokuwa na imani. Chuki ina jina lake, wivu una lake, hofu ina lake. Hali hii huelezwa kila mara kwa kutaja kile kilichotakiwa kuwepo na hakipo. Hivyo ndivyo mfanyabiashara anavyosoma daftari. Upungufu kwake ni nafasi iliyo wazi upande wa mali, na nafasi hiyo huonekana tu kwa anayejua kilichopaswa kujazwa hapo.

Sasa twende njiani. Usoke leo ni mji mdogo wa wilaya ya Urambo, kwenye Reli ya Kati, kati ya Tabora na Kigoma, na abiria anayelala usiku anaweza kuupita bila kujua. Reli hiyo ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla yake, mali yote iliyopita magharibi ya Tabora ilipita mabegani mwa watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, walifika Kazeh, kiini cha Tabora ya baadaye, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne ya kutembea, na hapo walikuwa hawajaliona ziwa. Katika umbali huo hakuna mwenye mali aliyeweza kuisimamia mali yake kwa macho. Alichokuwa nacho ni ahadi, na Kiswahili hakikuificha hali hiyo: ahadi ni deni. Methali hiyo ikisomwa polepole ni tamko la sheria za biashara. Inatwambia kwamba neno lililotamkwa limekwisha kuandikwa upande wa madeni, na kwamba aliyeambiwa ana haki ya kuja kudai.

Mfano ulio wazi zaidi ni kitambaa. Fedha ya njia ile ilikuwa nguo: merikani, pamba isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Massachusetts, na kaniki, nguo nyeusi ya Bara Hindi, pamoja nazo shanga na nyaya. Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Simama kidogo mbele ya kipimo hicho. Muuzaji wa mahindi ananyoosha mkono wake juu ya merikani, mnyapara wa msafara ananyoosha wake, na mikono miwili hailingani. Kidole kikivutwa kidogo, nguo ikilegezwa kidogo, doti moja hupungua kiganja kizima. Katika soko la namna hiyo, kuuliza “hii ni doti kamili?” ni kuuliza “mkono wa nani?” Kipimo chenyewe kilikuwa mwili wa mtu. Haikuwezekana kuutilia mashaka urefu wa nguo bila kumtilia mashaka aliyeipima, na haikuwezekana kuyamaliza mashaka hayo bila kukubaliana ni mkono upi utakaosimama kama dhamana ya mingine.

Mikopo ilifuata mantiki hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mkopeshaji maarufu wa Unguja, Taria Topan, alimpa mali kwa mkopo Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, na ambaye baba yake alikuwa ameweka makazi Tabora. Safari ile ilianza karibu na 1870. Tippu Tip alirudi Unguja 1882. Kwa takriban miaka 12 deni lilikuwa likitembea Tabora, Ujiji na Manyema, na mwenye mali alikuwa akiishi kwa habari: imesemwa amefika mahali fulani, imesemwa amepata pembe nyingi, imesemwa amekufa. Mapagazi nao walikuwa na hesabu yao. Walipokea sehemu ya ujira kabla ya kuondoka, na tajiri aliogopa kutoroka kwao kuliko alivyoogopa simba. Mpagazi naye aliogopa tajiri angemnyima kilichobaki mwisho wa safari. Kila upande ulishika kitu cha mwenzake. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi alama ya hali hiyo: kitenzi kukopa kilieleza kuchukua mali kwa mkopo na kilieleza pia kuipata kwa hila. Wakati wa kuchukua, matendo hayo mawili hufanana. Kinachoyatenganisha ni siku ya kulipa.

Siku hiyo ya kulipa ilimfikia David Livingstone huko Ujiji, Oktoba 1871. John Kirk, aliyeiwakilisha Uingereza Unguja, alikuwa amemtumia shehena ya nguo na shanga chini ya kiongozi wa msafara aliyeitwa Sherif. Livingstone alipofika akiwa mgonjwa, amechoka, alikuta Sherif amekwisha kuuza kila kitu. Utetezi wake ulikuwa kwamba alipiga ramli kwa msahafu akapata jibu kwamba mwenye mali amefariki. Kisha akaja kumpa Livingstone mkono, na Livingstone alipokataa kuupokea, Sherif akaonekana kuudhika, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Tukio hili linatufundisha zaidi ya ubaya wa mtu mmoja. Sherif hakusema hakupewa mali, hilo halikuwezekana. Alichofanya ni kuua upande mmoja wa deni. Mwenye kudai akiwa amekufa, anayedaiwa yuko huru, na habari ya kifo hicho aliitafutia mdhamini asiyeweza kuhojiwa na binadamu. Lilikuwa jaribio la ujanja, na lilianguka kwa sababu moja tu: mwenye kudai alitokea kwa miguu yake.

Miaka miwili baadaye njia hiyohiyo ilishuhudia kinyume chake. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, na watu wake wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma waliukausha mwili na kuubeba kuelekea pwani. Oktoba walifika Unyanyembe, ambako Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia marehemu, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Mbele zaidi, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao, hivyo wakajifanya wanairudisha Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa nguo. Hakuna aliyeuliza mtumba wa nguo ulikuwa na nini ndani. Februari 1874 waliukabidhi Bagamoyo. Lakini London haikuridhika na neno la wapagazi. Daktari William Fergusson alichunguza mfupa wa mkono wa kushoto, akakuta pale ulipovunjwa na simba karibu miaka 30 nyuma, na hapo ndipo shaka ilipoondoka na maziko yakafanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Kuna njia mbili za kumaliza shaka, na hapa zimesimama bega kwa bega. London ilitaka ithibati: kitu kinachosema kweli bila kujali nani amekileta. Msafara ulitoa dhamana: watu waliotembea miezi tisa kwa sababu walikuwa wamepokea amana na hawakuwa tayari kuila. Kiswahili kina maneno ya njia zote mbili. Lakini tunapozungumza bila kujichunga, tunarudi kwenye ile ya Susi na Chuma.

Hapa anakuja mpinzani wa kwanza. Atasema nimechagua maneno yanayonifaa. Shaka, wasiwasi, dhana, yakini na hakika ni maneno ya madrasa na msikiti. Yalikuwa yakitumika pwani kabla ya msafara wowote kufika Kazeh, na hayanukii duka wala daftari. Hilo nakubali, tena nakubali kwa furaha, kwa sababu linasaidia kuuweka mpaka mahali pake. Tazama namna maneno hayo yanavyotembea katika sentensi. Shaka huingia. Wasiwasi humwingia mtu, humpata, humjaa. Jambo hutiliwa shaka, na baadaye shaka huondolewa au hutolewa, kama mwiba. Hata mashaka, ambayo sikio linayachukua kama wingi wa shaka, yana asili nyingine ya Kiarabu inayohusu taabu. Ndiyo maana mtu anaweza kupata mashaka makubwa safarini bila kuwa na shaka yoyote, na ndiyo maana wazazi humpa mtoto jina la Mashaka kwa kukumbuka kipindi kigumu. Maneno mawili yaliyotoka nyumba mbili yamekutana mlangoni kwetu na kufanana, na wazungumzaji wameyaacha yaoane, kwa maana anayejua njia ndefu anajua kwamba kutojua ni aina ya taabu. Haya yote ni maneno ya ndani ya mtu. Yanaeleza kinachotokea kifuani.

Lakini shaka ikitoka kifuani na kumwelekea mtu mwingine, msamiati hubadilika. Dhana, ambayo mafunzo ya dini yanaonya isizidi kwa kuwa nyingine ni dhambi, imekwenda chuo kikuu na kuwa neno la heshima la wasomi kwa kila wazo wanalotaka kulijadili; kazi yake ya zamani imebaki katika dhana mbaya na kumdhania mtu. Kazi ya kumnyooshea mtu kidole imeachiwa tuhuma na kushuku, na hapo Watanzania na Wakenya wameachana kidogo: polisi wa Tabora wanamshikilia mtuhumiwa, wenzao wa Nairobi wanamzuilia mshukiwa. Baada ya hapo njia ni moja. Mtuhumiwa anatafutiwa wadhamini wawili wa kuaminika, upande wa mashtaka unadaiwa ushahidi usioacha shaka yoyote, na mshtakiwa akishinda, jina lake linasafishwa, kama hesabu iliyofungwa. Madrasa ilitupa jina la maumivu. Njia na soko vilitupa utaratibu wa kuyatibu.

Mpinzani wa pili ni msomi wa lugha nyingine. Atauliza kwa nini nakifanya Kiswahili kuwa cha pekee, wakati neno la mkopo katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na kitenzi cha Kilatini credere, kuamini, na Wajerumani humwita mwenye kudai Gläubiger, yaani mwenye kuamini, na hutumia Schuld kwa deni na kwa hatia. Anasema kweli, na sidai upekee. Penye biashara ya mbali, watu hulazimika kuamini kwa kipimo, na lugha hukumbuka. Tofauti iko katika kina cha kaburi. Mwingereza anayechukua mkopo hafikirii Kilatini. Lazima aje mtu na kamusi amfukulie. Kwetu hakuna cha kufukua. Anadaiwa iko juu ya gazeti la asubuhi, ahadi ni deni iko mdomoni mwa bibi, na amana iko karibu na kuamini kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kuziunganisha mwenyewe. Mambo yaliyo wazi namna hiyo hayajawa historia. Bado yanafanya kazi.

Na yanafanya kazi hata katika maneno madogo. Kiswahili kina eti, neno fupi linalomruhusu msemaji kupitisha habari bila kuibeba. “Mzigo umepotea” ni taarifa, na aliyeitoa ataulizwa. “Eti mzigo umepotea” ni taarifa iliyoshikwa kwa ncha za vidole. Msemaji ameieleza na papo hapo amekataa kuwa mdhamini wake. Hakusema ni uongo. Amesema tu kwamba ikidaiwa, isidaiwe kwake. Walakini nayo ilianza kama kiunganishi cha kupinga, ikageuka kuwa jina la kasoro isiyo na jina: jambo lina walakini, mtu ana walakini. Ni kama karani aliyeweka alama ya penseli pembeni ya jina na kuendelea na kazi, kwa sababu sababu zenyewe hazijatimia. Wanyamwezi, kwa upande wao, walipata njiani kitu kikubwa kuliko neno. Utani wao na watu wa pwani kama Wazaramo, ambao wengi huuhusisha na safari za misafara, unamruhusu mtani kumwita mwenzake mwongo na mwizi mbele za watu, na mwenzake hana haki ya kukasirika. Fikiria manufaa yake kwa watu wasio na ukoo mmoja wala mfalme mmoja: kila tuhuma ambayo ingeweza kuzaa ugomvi ilipata mahali pa kusemwa kwa sauti, bila kudaiwa. Na mtani huyohuyo ndiye anayekuja msibani kusimamia mambo. Aliyepewa leseni ya kukushuku ndiye anayekabidhiwa maiti yako.

Mpinzani wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu hapingi maelezo yangu, anapinga sifa ninazoyapa. Atasema jamii inayouliza “nani anasimama nyuma ya neno hili?” kabla ya kuuliza “je, ni kweli?” imejiweka mikononi mwa wakubwa. Tajiri ataaminiwa, maskini ataitwa eti. Na atanikumbusha kwamba njia ninayoisifu kwa amana zake ilikuwa pia njia ya watumwa. Ni kweli. Mtu aliyefungwa kongwa hakuwa na mdhamini, na neno lake halikuwa na thamani kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameandikwa upande wa mali. Hata waliokuwa huru waliweza kuwekwa rehani kwa madeni ya jamaa zao. Mfumo wa dhamana unamlinda yule tu anayetambuliwa kuwa anaweza kudai. Hilo halikukoma na misafara. Tumbaku ilishika mizizi Urambo baada ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, kuanguka, na hadi leo mkulima wa huko huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, ambacho wanachama wake hubeba deni kwa pamoja. Mmoja akitorosha tumbaku akauze pembeni, wengine hukatwa. Sikiliza kitenzi hicho: mpagazi alitoroka, tumbaku inatoroshwa. Aliyelima vizuri, akapanga majani yake kwa madaraja, akayafikisha sokoni, anajikuta anadaiwa kwa kosa la jirani ambaye hakuwahi kumchagua awe mdhamini wake. Na katika simu, ujumbe uliozoeleka wa matapeli, unaokuambia ile hela uitume kwa namba hii, haukuletei hoja yoyote. Unajifanya tu kuwa mtu unayemwamini na ambaye tayari unamdai au anakudai.

Jibu langu ni kwamba wenye lugha waliijua hatari hiyo kabla yetu, na hawakuiacha dhamana itembee peke yake. Methali ya wafanyabiashara inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Msisitizo wake uko mwishoni: bila habari. Mali iliyopotea kwa habari inaweza kufuatwa. Kuna siku, kuna kiasi, kuna jina. Daftari ndipo ithibati na dhamana zinapokutana, kwa sababu linaandika kitu kilichotolewa na pia linaandika nani alikitoa na nani alikipokea. Mkulima anayetaka kuuona uzito wa mtumba wake kwenye mizani kwa macho yake, na kuuona ukiandikwa, hajamtukana karani. Anatimiza masharti ya kuamini. Kuamini kwa Kiswahili hakujawahi kumaanisha kufumba macho. Aliyeweka amana ana haki ya kuja kuitazama.

Na hapo tunarudi kwa mkulima wetu wa Usoke na ile baiskeli. Nilisema mwanzoni kwamba sentensi zile mbili hazitofautiani katika kitenzi. Zinatofautiana mahali pengine. Anayedaiwa shilingi laki tatu, ukiuliza nani anamdai, utajibiwa bila kusita: chama, duka, shemeji. Deni lisilo na mwenyewe halipo. Anayedaiwa kuiba baiskeli, uliza nani anamdai, na mara nyingi ukurasa utanyamaza. Gazeti limekichukua kitenzi cha sokoni, likaitumia kauli yake ya kutendwa kumficha yule ambaye soko lisingekubali afichwe. Mtu amebebeshwa deni, na mwenye kudai hajulikani. Njiani hilo lisingepita. Sherif mwenyewe, pamoja na hila zake, alijua kwamba deni linakufa pale tu mwenye kudai anapokuwa hayupo, ndiyo maana alijitahidi sana kumzika Livingstone akiwa hai. Kwa hiyo msomaji anayekutana na anadaiwa asubuhi hana haja ya kuamini wala kukataa. Ana haja ya kuuliza kama ambavyo mpima doti angeulizwa: mkono wa nani? Akikosa jibu, basi katika sentensi ile anayedaiwa ni mwandishi.